Mto Mpya, Mfuko wa Mchango na Maswali Mengine Yenu

Barua za safari hii zimekuja mafungu mawili. Wengine mmeuliza habari za raha ndogondogo za nyumbani, wengine habari za michango. Nilitaka kuyatenga mafungu hayo, kisha nikaona mwulizaji karibu ni yuleyule: jana kajinunulia kitu kizuri, leo kaona ombi la msaada, usiku hana usingizi. Basi nimeyachanganya.

Shikamoo. Baada ya miaka ya kuamka na shingo iliyokakamaa nimejinunulia mto mzuri na blanketi. Siku hiyohiyo kikundi chetu kilikuwa kinachangisha godoro la mgonjwa. Nilitoa kidogo. Sasa kila nikilaza kichwa naona kama nimemwibia mtu. Nifanyeje? (Mwenye Mto)

Marahaba. Kwanza lala.

Mto wako haukumnyima mgonjwa godoro. Nimekaa kwenye kamati za michango muda wa kutosha kujua kwamba hatia ni mchangishaji hodari wa siku moja. Mtu akichomwa moyo hutoa fungu kubwa, na wiki ya pili akimwona mweka hazina anabadili njia. Tunaowategemea ni wale wanaotoa kiasi kilekile kila mwezi bila kuugua moyoni, na wengi wao wanalala vizuri.

Halafu jua kwamba raha ya mto ina muda wake. Mwaka 1971 wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell waliandika juu ya jinsi binadamu anavyozoea mema haraka na kurudi alipokuwa. Baada ya miezi michache utakuwa mto tu. Ndiyo maana mimi napendelea raha ndogo zinazorudi kuliko kubwa moja ya kujionyesha. Na katika raha zinazorudi, kutoa imo. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha katika jarida la Science jaribio moja jepesi: watu walipewa asubuhi dola 5 au 20, wengine wakaambiwa wazitumie kwa nafsi zao, wengine kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni waliowatumilia wenzao walikuwa na furaha zaidi, na ukubwa wa fedha haukuleta tofauti. Sikuambii mchango ni dawa ya huzuni. Nakuambia tu kwamba mto na mchango havikugombana, ni wewe uliyevipeleka mahakamani.

Kuna wanaojitoza "kodi ya raha": wakinunua kitu kizuri, sehemu fulani lazima iende kwa maskini. Siupendi utaratibu huo, maana unaufanya msaada kuwa faini. Afadhali mwanzo wa mwezi, kichwa kikiwa kimetulia, uamue cha kutoa ni kiasi gani, ukiweke kando, kisha kinachobaki kiwe chako bila kesi.

Kikundini kwetu majina ya wachangiaji husomwa pamoja na kiasi alichotoa kila mtu. Changu ni kidogo hadi naona heri nisitoe kabisa. Mwenyekiti husema "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri", lakini akifika kwenye jina langu sauti inashuka. (Mnyonge wa Orodha)

Methali nzuri hiyo, ila siku hizi imekuwa chombo cha kuwakamulia watu. Wahenga walikuwa wanamtetea mtoaji mdogo, si kumkaba.

Ngoja nikupe kisa. Mwaka 1885 Sanamu ya Uhuru ilikuwa inangojewa New York kutoka Ufaransa ikiwa vipandevipande ndani ya makasha, na fedha za kujengea kitako cha kuisimamishia zilikuwa zimekwisha. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la New York World, akaahidi kuchapisha jina la kila atakayetoa, hata kama ni senti. Ndani ya miezi michache zilipatikana zaidi ya dola 100,000, na wengi wa waliotoa walitoa chini ya dola moja. Wakiwemo watoto.

Kwa hiyo kusoma majina si kosa. Pale gazetini jina ndilo lililompa mtoaji mdogo hadhi sawa na wenzake. Kwenu kinachoumiza ni kiasi, na bila shaka mpangilio wa kuanza na mkubwa kushuka. Iombe kamati isome majina kwa alfabeti bila tarakimu. Tarakimu zibaki kwenye daftari, na anayetaka kuhakiki chake aende kwa mweka hazina. Wakikataa, toa kimyakimya uchukue risiti. Lakini usiache kutoa. Kiasi kidogo kinachokuja kila mwezi kinaiwezesha kamati kupanga, na kikubwa kisichojulikana kitakuja lini hakipangiki.

Nitajuaje kama mchango ni wa kweli? Nimeshaliwa mara mbili. (Sidanganyiki Tena)

Pole. Uliza bila haya, maana mkweli haogopi maswali.

Fedha anashika nani, na zinatolewa kwa saini za wangapi? Jibu likiwa "ninazishika mimi mwenyewe, usiwe na wasiwasi", basi uwe nao. Hata malaika akiachiwa mfuko peke yake atachanganya hesabu. Saini mbili humlinda mweka hazina kuliko zinavyomlinda mtoaji. Tena uliza shabaha ni kiasi gani, na kikizidi kitakwenda wapi. Hili la kuzidi husahaulika, na ndilo linalovunja vikundi vilivyoanza kwa nia njema. Fedha za matibabu zikibaki baada ya mgonjwa kupona, au kufariki, ni za nani? Liamueni kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, mliandike.

Jambo la tatu ni haraka. Tapeli hupenda kukwambia "ndani ya saa moja, la sivyo tumempoteza". Dharura za kweli zipo, lakini huwa na mahali: pana hospitali unayoweza kuipigia kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyotumiwa, na pana ndugu wa kumwona uso kwa uso. Ukiweza, lipa moja kwa moja kule deni liliko. Picha ya kusikitisha isikutoshe kuwa ushahidi, kwani picha hunyakuliwa ikabandikwa maneno mapya.

Ila usigeuke jiwe. Uliliwa kwa sababu ulikuwa na moyo, na wale wawili wasikuchagulie tabia.

Nina magunia mawili ya nguo za zamani. Niwape wenye shida? (Kabati Limejaa)

Kama unaweza kumpa ndugu yako bila kuomba radhi, peleka. Fua, shona vifungo, funga viatu pacha kwa pacha kwa kamba zake. Kilichochanika kifanye matambara ya kudekia. Penye maafa makubwa, kwa kawaida fedha husaidia haraka kuliko magunia, maana magunia yanahitaji gari, ghala na watu wa kuchambua, na aliyeunguliwa nyumba anajua mwenyewe anachokosa.

Nasema haya nikiwa mkosaji. Niliwahi kupeleka birika la umeme kwenye kituo cha kukusanyia misaada, nikijisifu moyoni, nikisahau kwamba waya wake ulikuwa umekatikia ndani. Mama aliyelipokea alilijaribu mbele yangu. Hakusema neno. Alilifunga tena kwenye mfuko wake, akanirudishia.

Sina fedha kabisa, lakini nina afya na siku moja huru kwa wiki. Kuna faida? (Kijana Mtupu)

Mtupu si wewe, mwanangu. Uliza kama unaruhusiwa kuchangia damu. Masharti ya umri, uzito na afya hutofautiana, na watakupima kabla. Kwa kawaida huchukuliwa mililita 450 hivi. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa vya kutosha. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana hutaruhusiwa kurudi kesho.

Jambo wengi wasilolijua ni kwamba damu huharibika. Chembe nyekundu zikihifadhiwa vizuri kwenye baridi hukaa hadi siku 42, na zile chembe za kugandisha damu hukaa siku 5 hadi 7 tu. Ajali kubwa ikitokea watu hupanga foleni, jambo la kupendeza, ila damu inayomwokoa majeruhi usiku ule ni ile iliyotolewa siku zilizotangulia na mtu ambaye hakuna aliyempiga picha. Siku ya Wachangia Damu Duniani ni 14 Juni, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner mwaka 1868, mgunduzi wa makundi ya damu. Hospitali zinakuhitaji hata Februari na Septemba, wakati hakuna sherehe.

Na siku yako huru, mbali na damu? Tafuta kikundi chenye moyo mkubwa na hesabu mbovu. Vipo vingi. Wapangie risiti.

Tunawatembelea wazee katika nyumba ya kulelea. Tupeleke kitu gani cha faraja? (Kina Mama Watano)

Kabla ya kununua, waulizeni. Mzee aliyeletewa sabuni na makundi manne mfululizo anahitaji kitu kingine, pengine mtu wa kumkatia kucha au kumsomea barua.

Mkinilazimisha kutaja kitu, nitataja soksi laini zisizobana. Miguu ikipata joto mishipa yake hutanuka, joto la ndani ya mwili hushuka, na usingizi huja upesi. Watafiti walilieleza hilo katika jarida la Nature mwaka 1999, ingawa bibi zetu hawakulingojea jarida. Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Lakini msipeleke chupa za mpira za maji ya moto bila kuwauliza wauguzi. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kuungua asijue.

Niliweka ombi kwenye kundi la simu lenye watu zaidi ya mia: tunatengeneza mteremko wa viti vya magurudumu mlangoni mwa maktaba, Jumamosi asubuhi, tunahitaji mikono. Nilipata alama za makofi arobaini na moja. Jumamosi nilikuwa mimi na mwanangu. Watu wamekuwaje? (Fundi Mpweke)

Watu ni walewale. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walimweka mtu chumbani peke yake akisikiliza kwa kipaza sauti mwenzake anayeonekana kupatwa na kifafa. Aliyedhani ni yeye tu anayesikia alitoka kutafuta msaada katika asilimia 85 ya mara. Aliyedhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Hawakuwa na roho mbaya. Wengi walikuwa wakitetemeka. Kila mmoja alidhani mwingine keshakwenda.

Wewe uliwaambia watu mia. Kila mmoja akapiga makofi akijua tisini na tisa watakuja.

Safari ijayo usiandike kundini. Mpigie mmoja: "Kaka, una toroli. Nakuomba Jumamosi saa mbili asubuhi, saa mbili tu za kazi, uje nalo." Kisha mwingine: "Dada, mkono wako ni mzuri kwa saruji, njoo utulainishie." Mtu akiitwa kwa jina, akatajiwa kazi na mwisho wake, ni vigumu kujificha. Watano wa namna hiyo wanashinda makofi arobaini na moja. Na mteremko msiupandishe kwa macho: kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo inahitaji urefu usiopungua sentimita 12. Mkiufupisha ili kuokoa saruji, mwenye kiti atahitaji mtu wa kumsukuma, na mtakuwa mmejenga kilima. Kundini tuma picha siku ya mwisho, wapige makofi yao.

Mwaka jana nilichangiwa matibabu, nikapona, nashukuru. Juzi nimejinunulia redio ndogo kwa mshahara wangu wa kwanza tangu niugue. Jirani kaniuliza mbele ya watu: "Kumbe una pesa za redio?" Tangu hapo naisikiliza kwa sauti ya chini, kama nimeiiba. (Mpona)

Barua hii nimeisoma mara tatu, nikamkumbuka Mwenye Mto wa hapo juu. Mmoja alitoa, mwingine alipewa, na wote wawili wanajificha na kitu kidogo walichokinunua kihalali.

Mlichangiana matibabu. Matibabu yalifanyika, hesabu ikasomwa, ikafungwa. Waliotoa hawakununua haki ya kukagua kapu lako maisha yote, na wengi wao wala hawana nia hiyo. Ni huyu mmoja. Hakuna kiasi cha unyonge unachotakiwa kuendelea kukilipa. Ukitaka kumjibu, mjibu mara moja, kwa upole, palepale mbele ya watu: "Ndiyo jirani, mlinisaidia nikapona, sasa nafanya kazi. Karibu tusikilize taarifa ya habari." Asipokuja, shauri yake.

Redio ongeza sauti. Ila ikipita saa nne za usiku ipunguze, maana na yeye ana mto wake.