Jibu: Sabuni ya vyombo ya "kijani" kutoka kampuni kubwa, niamini?

Habari ndugu. Umesema uko Ujerumani, umekuta sabuni ya vyombo yenye picha ya majani, mwenye chapa ni kampuni kubwa, na mikono inakuwasha ingawa chupa inasema "asilia".

Jina la kampuni liweke pembeni. Ni kweli makampuni makubwa yamenunua chapa za sabuni zinazojitangaza kuwa rafiki wa mazingira: Unilever ilinunua Seventh Generation 2016, na SC Johnson ikachukua Ecover na Method 2017, ila mwenye mali hakuambii kilichomo kwenye chupa. Geuza chupa, tafuta ua la EU Ecolabel (alama ya mazingira ya Umoja wa Ulaya) lenye namba ya leseni, au Blauer Engel, alama ya mazingira ya Ujerumani. Majani yaliyochorwa na kiwanda chenyewe hayajakaguliwa na mtu.

Neno "inaoza" usililipie senti zaidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 648/2004 inadai viambata vya povu, yaani kemikali zinazoondoa mafuta na uchafu, vioze kwenye kila sabuni, hata ile ya bei rahisi kabisa.

Kuhusu kuwashwa, soma viungo vyote. Mtuhumiwa wa kwanza ni methylisothiazolinone, kihifadhi kinacholeta mzio. Halafu limonene na linalool: zinatoka kwenye mafuta ya machungwa na lavenda, ni asilia kweli, lakini zikikaa zikipigwa na hewa huzidi kuchokoza ngozi. Zikivuka asilimia 0.01 lazima zitajwe, kwa hiyo utaziona. Chukua isiyo na manukato kabisa, na upime mililita zilizoandikwa badala ya kumimina moja kwa moja kwenye sponji. Ikiendelea, muone daktari wa ngozi ukiwa na chupa mkononi.