Losheni ya zabibu, nilivyojifunza kwa hasara

Jamani mkiona losheni yangu imetulia hivi msidhani ndo nilianzia hapa. Ya kwanza ilitoka kijivu cha kijani kama maji yaliyooshewa brashi ya rangi, wakati gliserini niliyolowekea makapi ya zabibu ilikuwa nyekundu damu ya mzee, makapi yenyewe niliyafuata Hombolo kwa mama mmoja anayekamua mvinyo, nikayaanika kivulini, nikajiona mkemia.

Kumbe mchawi ni boraksi. Nilikuwa naunganishia mafuta na maji kwa nta ya nyuki na boraksi, sasa boraksi ni alkali, na ile rangi ya zabibu ndo antioksidanti yenyewe (kile kinachozuia hewa isiharibu vitu), inataka tindikali, ukiipeleka kwenye alkali inageuka rangi na kuharibika. Siku hizi natumia emulsifaya ya nta (nta maalumu ya kushikanisha mafuta na maji), gramu 60 kwa kilo ya losheni, pH (kipimo cha tindikali na alkali) napima kwa karatasi, ikipita 5 na nusu natia unga wa ndimu kidogo kidogo. Maji ni distiledi tu, ya bomba hapa Dodoma yana chumvi, we angalia birika lako utanielewa (na maji ya betri usiguse, mengine ni asidi!!).

Mafuta ya ubuyu na alizeti napasha mpaka nyuzi 75, maji nayo hivyohivyo, namimina, napiga blenda ya mkono huku kichwa chake kimezama, ukikiinua kinaingiza hewa, na hewa ndo inayochachisha mafuta.

Sasa linaloniuma. Niligawa chupa za mwanzo kwa ndugu, wiki ya tatu wifi akapiga, "Wifi, hii losheni yako mbona ina ndevu?" Ukungu! Nilijidanganya kwamba zabibu na vitamini E vinatosha kuitunza, wapi, vitamini E inazuia mafuta kuchacha, bakteria na fangasi haiwagusi. Kitu chenye maji lazima kiwe na kihifadhi chake, mi naweka fenoksiethanoli, haizidi gramu 10 kwa kilo, naitia losheni ikishapoa chini ya nyuzi 40 pamoja na vitamini E gramu 5 na ile gliserini. Hutaki kihifadhi? Tengeneza mafuta ya mgando ya nta na ubuyu, yasiyo na tone la maji. Na ukitaka kuuza nenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania), vipodozi viko kwao tangu 2019.

Kila nikipika, chupa moja inakaa juu ya friji wiki sita, ikijitenga simuuzii mtu. Wifi nilimpelekea mpya, akasema asante, akaiweka kabatini.