Wastani mzuri, lakini msaada wa masomo umesimamishwa

Pole sana, ndugu. Unauliza kwa nini msaada wa serikali ya Marekani umesimamishwa ilhali wastani wako wa alama ni 2.4 kati ya 4. Tatizo si alama, ni kasi, yaani sehemu ya krediti (vipimo vya uzito wa kozi) unazofaulu kati ya zote ulizojiandikisha. Kozi ulizoziacha katikati ya muhula zinabaki kwenye hesabu: krediti 18 ulizofaulu kati ya 30 ni asilimia 60, na vyuo vingi hudai 67. Usikae kimya, kata rufaa! Umesema ulilazwa, ambatisha barua ya daktari, kisha eleza waziwazi nini kimebadilika sasa, maana hapo ndipo wengi huteleza. Rufaa ikikubaliwa, unarudishiwa msaada kwa muhula wa uangalizi. Muhula huo usiache kozi yoyote kabla ya kuzungumza na ofisi ya misaada.