Jibu kwa aliyeuliza: mvua za Handeni zimeharibika au ni miaka mibaya tu?

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama mvua za huku Handeni zimeharibika moja kwa moja au ni miaka mibaya inayopita. La pili, umerithi ekari sita upande wa Kabuku na unataka kuzipanda mahindi zote vuli inayokuja. Nalima jirani na huko tangu 2003, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona, pamoja na machache niliyojifunza kwa wanaofuatilia mvua kitaalamu.

Nianze na hasara, maana ndiyo iliyonifundisha. Vuli ya 2021, mwanzoni mwa Novemba, ilinyesha usiku kucha siku mbili mfululizo. Udongo ukanukia, vyura wakalia, kila mtu akatoka na jembe. Siku ya tatu tulikuwa shambani watu watano, tukapanda ekari nne. Mahindi yaliota vizuri kabisa. Halafu jua likakaa siku 23 bila tone. Ukienda asubuhi unakuta majani yamenyooka, unapata moyo. Ukirudi saa 6 mchana yamejikunja kama sigara. Ikafika siku ambayo hata asubuhi hayakunyooka. Mvua iliporudi Desemba nilikopa mbegu nikapanda upya, na hayo nayo yakakosa maji wakati yanatoa mbelewele. Ekari nne zikanipa magunia mawili. Mwaka ule tulinunua unga kuanzia Machi, wakati nyumba yangu ilizoea kuuza mahindi.

Siku ile sikuchimba, na hadi leo naumia, kwa sababu marehemu baba alishanionyesha. Baada ya mvua za kwanza udongo huwa umeloa juu tu, kina cha kiganja, chini yake vumbi. Mbegu inaota kwa maji ya juu, mzizi ukishuka unakuta pakavu. Siku hizi siweki mbegu mpaka nichimbe sehemu tatu tofauti za shamba, mkono uzame mpaka kiwikoni, na udongo wa chini kabisa nikiufumbata ushikane. Majirani wakinitangulia wiki nzima, nawaacha.

Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Kila siku saa 3 asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, alikwenda kwenye kipimamvua. Kilikuwa chombo cha shaba kilichosimikwa mahali pa wazi, mbali na miti, ndani yake faneli na chupa. Alimimina maji kwenye kioo chenye mistari, akainama mpaka jicho lilingane na maji, kisha akaandika milimita kwenye daftari. Siku ambayo haikunyesha hakuiacha wazi, aliandika sufuri. Nikiwa mtoto nilimuuliza kwa nini anajisumbua kuandika kitu ambacho hakipo. Akaniambia nafasi ikiwa wazi maana yake mtu hakwenda kupima, na sufuri maana yake alikwenda akakuta hakuna. Alipostaafu alinakili kurasa zake akaja nazo nyumbani, nami nikaendelea na daftari langu kwa kipimo cha plastiki.

Nilipoweka kurasa zake za miaka ya 1970 kando ya zangu, jumla ya mwaka haikunishtua. Kilichonishtua ni jinsi sufuri zilivyokaa. Kwake zimetawanyika, siku tatu, siku tano, katikati yake mvua za kiasi. Kwangu zimepangana siku 15, siku 20, halafu inakuja mvua moja kubwa ya mchana inayobeba udongo wa juu mpaka bondeni. Ukijumlisha, maji ni karibu yaleyale. Mahindi hayajui kujumlisha. Daftari la shamba moja haliwezi kuusemea mkoa mzima wa Tanga, na mkoa wenyewe ni kama nchi tatu: Amani kule Usambara inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukishuka upande wa pili wa milima kuelekea Mkomazi unakuta vichaka vya miiba. Ndiyo maana mtu wa Lushoto kule milimani na mtu wa Handeni hubishana kuhusu mvua bila kuelewana.

Sasa swali lako la kwanza. Wachangiaji wa mwanzo wamesema mvua zimekwisha. Hazijakwisha. Oktoba 2019 maji yalikata barabara ya Korogwe kwenda Handeni, na vuli ya 2023 wengi tulilia na mafuriko. Ila vuli na masika ni vitu viwili, na mtu akivichanganya hapati jibu.

Vuli inaamuliwa sana na bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yakapoa, mawingu yanajengeka huku na vuli inakuwa nzito. Hilo likikutana na El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, jiandae kwa mafuriko. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na tena 2023. Vuli ya 1961, ambayo wazee bado wanaitaja, ilitokana na bahari yetu hiyo kupata joto, bila El Niño: mvua zake zilichangia Ziwa Victoria kupanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. Joto likihamia upande wa Indonesia, unyevu unakwenda huko na sisi tunabaki na mawingu ya kupita. La Niña, kinyume cha El Niño, ilishika majira matatu mfululizo kuanzia 2020, na 2022 bahari yetu nayo ikageukia upande mbaya. Kwa hiyo hasara yangu ya 2021 haikuwa laana, wala haikuwa mwisho wa dunia. Vuli ya 2005 nayo iliangusha watu vibaya, na ukame ule ukatuletea mgawo mkali wa umeme 2006 kwa sababu mabwawa ya kuzalisha umeme yalipungukiwa maji.

Masika ndiyo yenye habari ya kusikitisha zaidi. Waliopima Afrika Mashariki nzima wameonyesha kuwa masika zilipungua kuanzia miaka ya 1980 mpaka karibu 2010, hasa kwa sababu zilianza kuchelewa na kukatika mapema. Msimu ulifupika pande zote mbili. Baba aliliona hilo bila kusoma popote. Alizoea kusema Machi ya kwake ilikuwa ya kupalilia, Machi ya kwangu ni ya kutazama mbingu. Baadaye zikaja masika nzito, 2018 na 2020, na hesabu za kompyuta za wataalamu kwa muda mrefu zimeelekeza kuwa ukanda wetu utapata mvua nyingi zaidi dunia inavyopata joto. Miongo miwili na zaidi ya masika kupungua, huku hesabu zikisema zitaongezeka, ni fumbo ambalo wataalamu wenyewe wanaliita fumbo la Afrika Mashariki. Mimi sikushauri upange maisha yako kwa kutegemea upande mmoja wa fumbo hilo.

Lililo wazi ni joto. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvua ikija inaweza kuja kwa kishindo. Na jua likiwaka, hewa hiyohiyo inanyonya maji ya udongo haraka kuliko zamani. Siku 15 za jua leo zinakausha kuliko siku 15 za enzi za baba.

Utabiri wa msimu usiudharau. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa wa vuli na wa masika kabla ya kila msimu kuanza. Mimi naupa wa vuli uzito zaidi, kwa sababu bahari hubadilika polepole na inaonekana miezi kadhaa kabla. Masika hutegemea sana mambo ya muda mfupi, likiwemo wimbi la mawingu linalozunguka dunia kwenye ikweta kwa siku 30 hadi 60, na hilo huwezi kulijua miezi mitatu kabla. Kwa masika fuatilia taarifa za kila siku kumi. Na usisikie neno "wastani" ukafikiri umeambiwa mvua zitapangika vizuri. Wastani unaweza kuja wote ndani ya wiki mbili.

Ekari zako sita, nakuomba usizipande mahindi zote. Chukua mbili uweke mahindi ya muda mfupi, na usiguse mbegu kabla ya kuchimba. Mbili weka muhogo, ambao jua la mwezi mmoja haliuui ukishashika. Tafuta aina iitwayo Kiroba, kwa kuwa inavumilia michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao huku pwani unaozesha muhogo ardhini huku majani yanaweza kuonekana mazima. Moja weka kunde, ndani ya miezi miwili unakula. Ya sita, ile uliyosema iko kwenye mteremko, msimu wa kwanza usiilime kabisa. Piga makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji, kwa kukata mteremko, panda nyasi juu yake, ya kulima iache mpaka masika.

Na tengeneza kipimamvua leo, usingoje kununua. Kopo lenye kuta zilizonyooka, si lile linalopanuka juu, lisimike kwenye nguzo mahali pa wazi, saa 3 asubuhi uchovye rula. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba ya shamba lako. Pingili za Kiroba ninazo za kutosha ekari mbili. Niandikie wiki moja kabla ya kupanda nizikate zikiwa mbichi, uje na turubai la kufunikia, maana zikipigwa na jua njiani hazioti.