Hifadhidata iliyohamishiwa mfumo mpya: majibu kwa wasomaji

Programu ya hifadhidata niliyoizoea sasa imetolewa kwa mfumo endeshi ninaoutumia. Si ni ile ile?

Sehemu kubwa ni ile ile. Kilicho kipya ni pale inapogusana na mfumo endeshi: kuandika diskini, kufunga mafaili, kugawana kumbukumbu. Na pale ndipo data hupotelea. Chukua mfano wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata: toleo la 8.0, la Januari 2005, lilikuwa ya kwanza kuendeshwa kwenye Windows moja kwa moja. Awali watu walipitia Cygwin, programu inayowezesha programu za Unix kutumika ndani ya Windows. Upande wa Unix, familia ya mifumo kama Linux, ilikuwa imekomaa, upande wa Windows ndiyo kwanza inaanza. Jina jema ililolipata huko halikuwa dhamana huku.

Nimeijaribu wiki nzima, haijasumbua. Niingize kazi ya kweli?

Bado, ndugu yangu. Wiki tulivu haikuonyeshi umeme ukikatika katikati ya kuandika. Kabla ya kukwambia muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja) umekamilika, hifadhidata huuomba mfumo endeshi uifikishe data diskini, kwa wito uitwao fsync. Kila mfumo huuitikia kivyake. Kwenye macOS, fsync ya kawaida hailazimishi diski kuandika kilichobaki kwenye kumbukumbu yake ya muda. Kwa hilo kuna amri nyingine, F_FULLFSYNC. Hata Linux, iliyotumika miaka mingi, ilificha jambo: mwaka 2018 ilibainika kwamba fsync ikishindwa mara moja, wito unaofuata unaweza kurudisha jibu la mafanikio ilhali data haikuandikwa. PostgreSQL ilirekebisha upande wake Februari 2019. Kama hilo lilijificha kwenye njia iliyokanyagwa na wengi, njia mpya inaficha mangapi?

Kwa hiyo chukua mashine ya majaribio, iandikishe miamala mfululizo, kisha chomoa waya wa umeme. Kusimamisha programu tu hakutoshi, kwa sababu mfumo endeshi unabaki hai na utamalizia kuandika. Ukiiwasha, kila muamala uliothibitishwa lazima uwepo. Rudia.

Naweza kunakili folda ya data kutoka seva ya zamani?

Hapana. Mpangilio wa mafaili ya PostgreSQL hutegemea prosesa na mfumo. Toa data kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutolea data, uiingize upya. Hata kutoka Linux hadi Linux kuna mtego: glibc, maktaba ya msingi ya Linux, katika toleo la 2.28 la mwaka 2018 ilibadilisha utaratibu wa kupanga maneno kialfabeti, faharasa za zamani (orodha zilizopangwa za kutafutia rekodi) zikawa haziaminiki. Unatafuta rekodi iliyopo, unaambiwa haipo.

Bekapu ninazo kila usiku. Niogope nini?

Umewahi kuzirejesha? Rejesha moja kwenye mfumo wa zamani, ule unaouamini, ulinganishe rekodi. Usiuzime mpaka hapo.

Basi nisiiguse kabisa?

Iguse, tafadhali. Bila watumiaji haitakomaa. Ipe nakala, kamwe isiwe data pekee uliyo nayo. Ikikwama, watumie watengenezaji toleo la programu, toleo la mfumo endeshi, aina ya diski na hatua za kulirudia kosa.