Hewa ukaa ni hewa inayokaa?

SWALI: Jambo Mwalimu. Redioni nasikia kila siku kwamba "hewa ukaa" inachoma dunia. Mwanangu anasema ni hewa inayokaa mahali pamoja, kama mazuku, ile gesi ya mashimoni ya huku kwetu. Mimi nikamwambia hapana, ni moshi wa makala. Nani kati yetu amesema kweli? (Mama wa Himbi, Goma)

JIBU: Jambo Mama. Kila mmoja wenu ameshika kipande, ila kwa neno lenyewe mmekosea wote.

Ukaa haitokani na kitenzi kukaa. Imetoka kwenye kaa, lile kaa la moto ambalo wingi wake ni makaa. Humo humo ndimo limo neno mkaa, na ndiyo makaa ya msemo "kumpalia mtu makaa". Waliounda istilahi walilivika shina hilo kiambishi u- wakapata jina la kaboni. Hewa ukaa ni gesi ambayo wanakemia huiita dioksidi kaboni.

Mtu wa Mombasa au Tanga huusikia undugu huo mara moja. Sisi wa Kivu hatuusikii, kwa sababu mkaa tunauita makala, na makala huko kwao ni maandishi marefu ya gazetini. Mgeni wangu mmoja wa Arusha alimsikia jirani akiulizia gunia zima la makala, akaniambia kwa heshima kwamba mtaa wetu una wasomi kweli. Basi usimlaumu mtoto: hakuna makaa nyumbani kwake, kwa hiyo sikio lake limeshika kukaa.

Tena kuhusu mazuku hakubuni. Mazuku ni dioksidi kaboni hiyo hiyo, inayopanda kutoka ardhini kwenye nchi ya volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu hivi, ndiyo maana hujaa mabondeni na mashimoni, hasa usiku upepo unapotulia. Ikifika sehemu 10 kati ya 100 za hewa unayovuta, unazimia kwa dakika chache. Wataalamu wa volkeno wameliingiza neno mazuku katika maandishi yao ya Kifaransa na Kiingereza jinsi lilivyo, wakilifasiri "upepo mbaya". Ni fasiri ya maana tu, kwani ndani ya neno lenyewe hamna upepo wala ubaya.

Lakini redio haizungumzii mashimo ya Goma. Inazungumzia gesi hiyo ilivyotawanyika katika angahewa yote: kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi kati ya milioni, leo imepita 420. Kiasi hicho hakimzimishi mtu. Kinazuia joto la dunia lisitoke kwenda juu. Na sehemu yake hudumu angani kwa karne nyingi, kwa hiyo mwanao, kwa bahati, amepatia pale alipokosea.

Sasa moshi wako wa makala. Makala yakiwaka hutoa hewa ukaa, ni kweli, lakini hewa ukaa haionekani. Unachokiona ni moshi wenye masizi. Na ile inayowaua watu waliolala na mbabula, yaani jiko la makala, ndani, madirisha yamefungwa, ni gesi nyingine, monoksidi kaboni, nayo pia haionekani wala haina harufu. Hiyo usiiite hewa ukaa hata kidogo.

Upatanisho wa sarufi: "hewa ukaa imeongezeka", kwa sababu hewa ndiyo inayotawala. Ukitaja ukaa peke yake, "ukaa umeongezeka". Wasomaji wa habari huchanganya, wakasema "hewa ukaa umeongezeka".

Hilo la "inachoma" nalo silipendi. Mshumaa ukishushwa kwenye shimo la mazuku huzimika. Gesi inayozima moto haichomi dunia, inaipasha joto.