Ndege mvumaji na paa nunga: majibu ya maswali yenu

Mvumaji koo-jekundu wa Marekani na paa nunga wa Unguja, nani mlaji zaidi?

Kwa kilo ni paa nunga, ila kila mmoja akipimwa kwa mwili wake, ndege anamwacha mbali. Mvumaji huyu ana gramu 3 hivi, na kwa siku hunywa sukari ya maua inayokaribia nusu ya uzito huo. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na mabawa yanayopiga mara 50 hivi kwa sekunde huiteketeza sukari papo hapo. Usiku wa baridi, akiba ikipungua, huuzima mwili: joto linashuka, moyo unapiga polepole, hadi kunapokucha.

Paa nunga ana kilo 7 hadi 12. Huokota majani, maua na matunda yaliyodondoka, kisha hujilaza kichakani akicheua. Ndiyo maana huwafuata kima: wakila juu, mengi huanguka yakiwa mabichi bado.

Tanga nimeona ndege anayeng'aa akinyonya ua la mgomba. Ndiye mvumaji?

Huyo ni chozi. Wavumaji wote ni wa bara la Amerika. Tazama miguu: chozi kwa kawaida hushika tawi au ua anaponyonya, mvumaji hunyonya akielea na anaweza kuruka kinyumenyume.

Niko Ohio. Maji ya sukari niliyowatundikia wavumaji yanafanya ukungu. Nakosea wapi?

Yamechacha. Changanya sukari nyeupe kipimo 1 kwa maji vipimo 4, yaani robo kikombe kwa kikombe kizima, ukoroge hadi iyeyuke. Usitie asali, huotesha kuvu. Rangi nyekundu nayo haihitajiki. Joto likiwa kali badilisha kila siku, kukiwa na ubaridi kila baada ya siku 3. Sugua chupa kwa brashi na maji moto, hasa vitundu vya kunyonyea, ambako utando mweusi hujificha.

Msituni Jozani, Unguja, nitamtofautishaje paa nunga na paa wa kawaida?

Angalia nyuma: paa nunga ana mkanda mweupe unaokata mapaja, na vidoa vyeupe miguuni. Manyoya ni ya hudhurungi nyekundu, na dume na jike wote wana pembe. Paa wa kawaida ni mdogo zaidi, hana mkanda huo, hutikisa mkia kushoto na kulia, na mwenye pembe ni dume tu.

Nenda asubuhi, ukae kimya karibu na mti ambao kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wanakula. Majani makavu yakilia chini ya viatu vyako, paa nunga ameshaondoka. Ukikuta tanzi, mwite mlinzi wa msitu siku hiyohiyo. Paa nunga wamebaki Unguja na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya.